Mapenzi Chini ya Shefu

Masisi-kati, 4 Oktoba 2022
Mvua tangu adhuhuri, mtandao hakuna. Nimefunga ripoti ya depo nikarudi kwenye Sekai-ichi Hatsukoi ya Shungiku Nakamura, manga ya wanaume wawili wanaopendana kazini. Rafiki wa Goma alinirushia kwenye simu. Onodera anaacha kampuni ya vitabu ya baba yake kwa sababu wenzake wanasema amebebwa. Anaingia kampuni nyingine, Marukawa, akitaka idara ya fasihi, wanampeleka kwenye katuni za wasichana. Mhariri mkuu wa huko, Takano, ndiye Onodera aliyempenda shuleni miaka 10 nyuma.

6 Oktoba
Utamu wake ni kazi yenyewe. Toleo likikaribia kufungwa, wahariri wamelala juu ya meza, mchoraji hajaleta kurasa, wachapaji wanapiga simu. Takano ni mkali, lakini kazi anaijua, na Onodera anamheshimu kabla ya kukubali lolote la moyoni. Hadithi nyingi za ofisini hazituambii hata watu wanauza nini.

9 Oktoba
Hapa inanichosha. Takano anambusu kabla hajajibiwa. Onodera anamsukuma, anakimbia, na mwandishi anatuambia ni haya tu. Sisi wasomaji tunasamehe kwa kuwa tumeonyeshwa moyo wa Onodera. Takano hakuonyeshwa. Na kesho asubuhi ni yeye anayepitisha au kukataa kazi ya kijana huyo.

Nimekumbuka ripoti ya Septemba 2021, ya tume huru iliyoundwa na WHO kuhusu kazi ya Ebola ya 2018 hadi 2020 huku kwetu Kivu Kaskazini na Ituri. Watuhumiwa 83, kati yao 21 waajiriwa wa WHO. Wanawake walieleza walivyodaiwa ngono ili wapate kazi au wasiipoteze. Yale hayakuwa mapenzi, na Takano simweki kundi moja nao. Ila katika jimbo ambalo mkataba wa miezi michache unalisha ukoo mzima, "hapana" ya mdogo kwa shefu wake hainichekeshi tena.

12 Oktoba
Gari la Walikale limekwama kwenye tope, nimepata muda wa manga nyingine ya aina hiyo, Cherry Magic ya Yuu Toyota. Adachi na Kurosawa wako ofisi moja na ni rika moja, hakuna anayesaini mkataba wa mwenzake. Kurosawa anapenda na anangoja. Dosari iko kwa Adachi: amefikisha miaka 30 bila kulala na mtu, sasa anasikia mawazo ya kila anayemgusa, hivyo anaijua siri ya mwenzake bila ruhusa. Toyota ameiona dosari hiyo. Adachi inamsumbua, na mwishowe anasema ukweli.

Nakamura naye alikuwa na dawa tangu mwanzo: Onodera alitaka fasihi. Ningemhamishia huko, chini ya mkuu mwingine, Takano abaki na katuni zake. Hapo Onodera akisema anampenda, ningemwamini.