Mtandao wa Jamii na Daftari Lake

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hii yafaa kuzingatiwa na wakazi wa Kitengela na Kajiado wanaotamani mtandao wa jamii usiotumia waya. Kusimamisha mlingoti na kufunga antena si kibarua kigumu. Kigumu ni kuulisha mtandao huo mwezi baada ya mwezi.

Mfano upo nchini. Katika mtaa wa Kibera, TunapandaNET imeunganisha shule na vituo vya jamii. Aidha, mnamo 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao ya aina hii. Je, fedha zitoke wapi?

Kwanza, kuna vocha za saa na za siku. Mwendesha bodaboda huenda asiwe na ada ya mwezi mzima, lakini shilingi kumi hazimkosi. Pili, shule na zahanati zaweza kulipa kila mwezi. Hizi hutumia mtandao mchana, ilhali nyumba huutumia usiku; hivyo njia ile ile huuzwa mara mbili bila ya kumpunja yeyote. Tatu, zipo huduma za kando: kuwasilisha ritani za kodi, kuomba vyeti kupitia eCitizen, kuchapisha nyaraka, kuchaji simu na kufunza matumizi ya tarakilishi.

Hata hivyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wateja wakirundikwa kwenye njia nyembamba, kasi hudorora nao huhama.

Suala zito zaidi ni la haki. Kitengela ni mji wa wapangaji wengi, ambapo mlingoti mmoja huhudumia nyumba tele. Nje ya mji wa Kajiado, boma moja laweza kuhitaji mlingoti wake na umeme wake wa jua. Kila mtu akilipia gharama yake halisi, mfugaji atabaki gizani. Bei ikiwa moja, ghorofa za Kitengela zitambeba.

Hapo ndipo neno "jamii" linapopimwa. Mtandao unaowahudumia walio karibu na mlingoti pekee ni duka kama maduka mengine. Kwa hiyo, daftari na lisomwe hadharani, kila mwanachama aone senti yake imemfikia nani.