Nyumba ya Stahamili

Mbwa wetu anaitwa Stahamili. Ana nyumba yake nyuma ya nyumba yetu, chini ya mkorosho. Watu wakipita njiani hucheka. Husema, "Tazameni, mbwa naye kajengewa!" Nawaacha wacheke. Pasipo kibanda kile, mbwa huyu asingekaa kwetu hata mwezi mmoja.

Sisi ni wakulima wa bonde la Ruvuma, upande wa Mahurunga, si mbali na pale mto unapoingia baharini. Tunalima mpunga bondeni. Juu kwenye mchanga tunalima muhogo, na tuna mikorosho michache. Maadui wa mpunga ni wengi. Mchana kuna ndege na ngedere. Usiku kuna nguruwe mwitu. Nguruwe wakiingia shambani usiku mmoja, asubuhi utakuta pamelala kama palipopitwa na kimbunga. Kwa miaka mingi mume wangu alilala juu ya dungu, akipiga debe mpaka alfajiri. Mwishowe nguruwe wakalizoea debe. Alikuwa akipiga, nao wanakula.

Kiboko simtaji hapa. Kiboko hamwogopi mbwa wala mtu. Lakini nguruwe humkimbia mbwa, hasa mbwa mwenye sauti. Basi siku moja mume wangu alirudi kutoka kwa rafiki yake na mtoto wa mbwa ndani ya kapu.

Mama mkwe wangu alikuwa barazani akisuka ukili. Alilitazama lile kapu, akaacha kusuka.

"Mwanangu, mimi nasali ndani ya nyumba hii. Huyo atalala wapi?"

"Mama, bado mdogo. Kwa sasa alale jikoni."

"Jikoni ndiko kunakopikwa chakula. Nakuuliza tena, atalala wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Sisi watu wa pwani wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafi. Kwa madhehebu hayo, mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu mzima anayesali mara tano kwa siku hawezi kukaa akiosha vyombo na mikeka namna hiyo kila siku. Hata hivyo, mama mkwe hakusema mbwa atupwe. Alijua, kama waliosoma wanavyotufundisha, kwamba mbwa wa kulinda shamba, wa kuchunga mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa. Tena alikijua kisa cha vijana waliolala pangoni miaka mingi. Walikuwa na mbwa wao, naye alijilaza kizingitini. Mama mkwe alikishika sana kisa hicho. Akatuambia, "Kizingitini. Si ndani."

Mume wangu akampa mbwa jina la Stahamili. Mimi nadhani jina lile lilikuwa la mama yake kuliko la mbwa.

Kesho yake kazi ya kibanda ikaanza. Tulichimbia nguzo nne, tukafunga fito, tukatengeneza kitako kilichoinuka shubiri mbili kutoka chini. Kuinua ni lazima. Mvua zetu zikianza mwisho wa mwaka, maji hupita uani kama mto mdogo, na mbwa akilala juu ya ardhi yenye maji hukohoa na kukonda. Juu tuliezeka makuti. Mlango tuliuelekeza magharibi. Mvua kubwa huja na upepo wa kaskazi, na kusi nayo hupiga kutoka upande wa bahari, kwa hiyo mlango wa magharibi huepa pepo zote mbili. Ukubwa wake ni wa mbwa mzima kuweza kujigeuza na kujinyoosha, basi. Kibanda kikiwa kikubwa mno, kuku watakihamia. Kwetu kuku watatu walikwisha jaribu.

Ndani tuliweka gunia kuukuu la korosho. Kila wiki gunia hilo hukung'utwa na kuanikwa juani kutwa nzima. Nyasi hatutii, maana viroboto hupata pa kujificha.

Kujenga kulikuwa rahisi. Kumfundisha mwenye nyumba ndiko kulikuwa na kazi. Usiku wa kwanza alilia mpaka majogoo. Mwanangu wa mwisho, wakati huo mtoto wa miaka sita, alikuwa analia naye kutoka ndani. Usiku wa pili mume wangu alibeba kigoda akaenda kukaa karibu na kibanda mpaka mbwa akalala. Tulimlisha palepale kila siku, saa ileile, tukimwita jina lake. Kwa juma moja hivi akapajua pake. Hatukumfunga kamba kutwa nzima. Mbwa anayefungwa mchana na usiku huwa mkali hata kwa watu wa nyumba yake.

Chakula chake hutiwa katika kigae cha chungu kilichovunjika. Kigae hicho ni chake, hakiingii jikoni. Kuna kigae cha pili cha maji, nacho sikiachi kikauke. Watu wa Ruvuma watanielewa. Mbwa mwenye kiu huenda mtoni, na mtoni kuna mamba. Mamba humpenda sana mbwa, kwa sababu mbwa huinamisha kichwa akanywa bila haraka.

Sasa niseme habari ya funza, au tekenya kama wengine wanavyomwita. Hapa kwetu kila mtu anamjua, lakini wengi hawajui kwamba yeye ni mgeni. Alikuja Afrika kwa meli kutoka Brazil mwaka 1872, akashuka Angola. Kabla ya karne ile kwisha, alikuwa amekwisha vuka bara lote na kufika pwani yetu. Alisafiri katika miguu ya watu na ya wanyama. Funza jike huingia katika ngozi na kuvimba kwa mayai. Mayai huanguka chini, na watoto wake hukulia katika vumbi na mchanga mkavu. Mbwa humbeba funza kama sisi tunavyombeba. Basi fikiri, ndugu msomaji. Mbwa akilala chini ya kitanda cha watoto, mayai yataanguka wapi? Katika sakafu ya udongo wanayoikanyaga watoto kila asubuhi bila viatu. Mbwa akiwa na kibanda chake, mayai huanguka huko. Huko nafagia, namwagia maji ili vumbi litulie, na kila wiki mume wangu humkagua mbwa nyayo, kidole kwa kidole.

Lakini lililoniogopesha zaidi ni jambo jingine. Katika kijiji cha jirani, mtoto aliumwa na mbwa wa njiani. Jeraha lilikuwa dogo, likapona, watu wakasahau. Baada ya wiki kadhaa mtoto akaanza kuogopa maji. Hakuishi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina dawa. Dawa ni ya kabla. Aliyeumwa aoshwe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, robo saa nzima, kisha apelekwe hospitali siku ileile akachomwe sindano za kinga. Asingoje jeraha livimbe.

Na mbwa wenyewe wachanjwe. Mwaka 2010 ulianzishwa mpango mkubwa wa kuchanja mbwa katika wilaya za kusini-mashariki mwa Tanzania, Mtwara na Lindi zikiwemo. Serikali ilishirikiana na Shirika la Afya Duniani. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Saba katika kumi! Ni hesabu ndogo kuisema. Lakini siku ya chanjo nimeona kazi yake kwa macho yangu. Watu wanakimbizana na mbwa wao mashambani na kamba mkononi, wanatoka jasho, na mbwa hawakamatiki. Mbwa wale hawana mahali. Leo hulala chini ya ghala, kesho barazani kwa jirani, keshokutwa sokoni penye vichwa vya samaki. Kila mtu humtupia makombo, na hakuna anayeweza kumshika. Stahamili tulimkuta kibandani kwake, amelala. Mume wangu alimvika kamba, wakaenda kwa bwana mifugo na kurudi kabla ya chai.

Mama mkwe wangu sasa ni mzee sana. Hamgusi mbwa, na hatutaki amguse. Lakini jioni, akisikia kigae kinakwaruzwa chini, husema, "Huyo hana maji. Mwendeeni." Wakati mpunga unakomaa huniuliza kila asubuhi kama nguruwe walikuja. Huja, hatusemi hawaji. Ila hawakai.

Siku ya chanjo ya kwanza tulipewa kadi. Ina jina la mwenye mbwa, jina la mbwa, na tarehe. Niliisoma mwenyewe, neno kwa neno, nikaona wameandika "Stamili". Nilimwomba mwandishi asahihishe, naye akasahihisha. Kadi hiyo naiweka sandukuni pamoja na kadi za kliniki za watoto. Chanjo hurudiwa kila mwaka. Juzi niliitoa nikaitazama. Zimebaki wiki mbili, na mwanangu amekwisha anza kusuka kamba mpya.