Mchezo wa redio tuliourekodi Gitega

Gitega ninayoikumbuka hapa si ule mji wa Burundi uliopewa hadhi ya makao makuu ya kisiasa mwishoni mwa 2018. Ni Gitega ya Kigali, umurenge, yaani kata, mmoja wa wilaya ya Nyarugenge, nyumba zimebanana mteremkoni, jirani zake Muhima, Kimisagara na, ukikata vichochoro, Biryogo ya Waswahili. Mwaka 2005 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari huko. Mimi na wenzangu wachache tuliokuwa tukikutana baada ya masomo kuzungumza Kiswahili tuliamua kurekodi mchezo wa redio. Zaidi ya miaka ishirini imepita. Wenzangu wametawanyika, na bibi aliyetufundisha jambo kubwa kuliko wote amekwisha kufariki.

Kwa mgeni, Kiswahili ndani ya Kigali huenda kikaonekana kitu cha kuazima. Kwetu kilikuwa lugha ya barazani. Mjerumani Richard Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907, miongoni mwa waliomfuata walikuwamo wafanyabiashara na wapagazi waliotoka upande wa Tabora, Ujiji na pwani, na Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913. Vizazi vilivyofuata vilikuza watoto kwa Kinyarwanda na Kiswahili kwa pamoja. Lakini michezo ya redio tuliyoikuta ikitamba ilikuwa ya Kinyarwanda. *Urunana* ilikuwa hewani tangu 1999 ikizungumzia afya na maisha ya kijijini. Ulipofika wakati wake, hata mwenye duka aliacha kuhesabu chenji. Mwaka 2004 ikaja *Musekeweya*, ya shirika la Radio La Benevolencija, kuhusu vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombana kwa sababu ya ardhi. Sisi tulitaka mchezo wetu uzungumze kama ua wetu ulivyokuwa ukizungumza.

Hata hivyo redio nchini Rwanda haikuwa burudani tupu. Kituo cha RTLM kilianza matangazo Julai 1993, na mwaka uliofuata watangazaji wake wakachochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wakafika hadi kutaja watu kwa majina. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze katika kesi ya vyombo vya habari. Sisi mwaka 1994 tulikuwa watoto wadogo. Wazee waliotuzunguka walikumbuka sauti zile moja moja. Ndiyo maana tulipoanza kugonga milango tukiomba watu waje waseme mbele ya maikrofoni, wengine walicheka, na wengine waliuliza swali ambalo hatukulitarajia: sauti yangu mtaipeleka wapi?

Hadithi yenyewe ilikuwa ndogo. Familia kadhaa zinachangia bomba moja la maji, fedha za mchango zinapotea, na lawama inamwangukia bibi anayezitunza. Kila mtu Gitega aliijua hadithi hiyo kwa sura moja au nyingine, kwa hiyo hatukuhangaika kuitafutia mafunzo.

Vifaa tuliazima. Tulipata kinasa sauti cha minidisc, maikrofoni moja yenye waya mrefu, na kompyuta ya kaka wa mwenzetu iliyokuwa na Cool Edit Pro, programu ambayo Adobe ilikuwa imeinunua mwaka 2003 na kuibatiza jina la Audition. Minidisc ile ilikuwa na adabu yake: ili kuingiza sauti kwenye kompyuta ulichomeka waya na kucheza kila kitu kuanzia mwanzo. Saa moja ya rekodi ilikula saa moja ya kusubiri. Tulilalamika, kisha tukaona faida yake. Mmoja alishika daftari, akaandika dakika na sekunde za kila kosa na kila sentensi nzuri, na kufikia mwisho wa kuhamisha nusu ya uhariri ilikuwa imekwisha fikiriwa.

Chumba cha kurekodia kilikuwa chumba cha nyuma, chini ya mabati. Tulisimamisha magodoro ukutani, tukatundika mablanketi mlangoni, na kuvika maikrofoni soksi safi ili herufi kama p na b zisilipuke. Mwangwi ulipungua. Mtaa haukupungua. Makonda waliita abiria wa Nyabugogo, mafundi wa Gakinjiro waligonga misumari, na katika masika mvua ilipoangukia mabati kazi ilisimama hadi iishe, hakuna godoro la kuizuia.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa kuhariri ni nini. Tatizo la kelele si ukali wake, ni mwendo wake. Ukirekodi mtu anazungumza huku adhana inasikika kwa mbali, kisha ukakata sentensi mbili za katikati, maneno ya mtu yataungana vizuri lakini adhana itaruka. Nyundo ya seremala ina mapigo. Ukiyakata sikio linajua, hata kama msikilizaji hawezi kueleza kilichomkera. Programu ilikuwa na njia ya kusafisha: unaionyesha kipande chenye kelele peke yake, nayo inaipunguza kelele hiyo kote. Ukizidisha, sauti ya mtu inabaki kama inatoka ndani ya mtungi. Dawa ilikuwa nyepesi zaidi. Kila baada ya onyesho wote tulinyamaza, tukarekodi chumba kikiwa kimya. Ukimya ule hauko sawa popote. Una upepo wake, una barabara yake ya mbali. Tuliutandaza chini ya maneno yaliyokatwa, na viungo vikapotea.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilikuwa zawadi. Asubuhi ya umuganda magari husimama na watu wazima hutoka kufanya kazi ya pamoja. Sisi tuliokuwa chini ya miaka kumi na minane tulibaki na mtaa usio na injini. Tulirekodi mazungumzo mapema, kisha tukawafuata wakubwa na maikrofoni yetu kuchukua sauti za majembe, makoleo na utani wa kazini. Milio mingine tuliitengeneza wenyewe. Maharage yakizungushwa kwenye sinia yalikuwa mvua ya mbali. Mfuko wa plastiki ukifinywa taratibu ulikuwa moto wa kuni. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 2008, kwa hiyo mwanafunzi wa leo wa Kigali atautafuta moto wake kwingine.

Umeme ulikuwa na ratiba ya shida. Tangu 2004 maji ya maziwa ya Bulera na Ruhondo, yanayolisha mitambo ya Ntaruka na Mukungwa, yalikuwa yameshuka sana, na mgao ukawa sehemu ya maisha. Faili letu la dakika moja lilikuwa na ukubwa wa megabaiti tano hivi, kompyuta ile ilihifadhi polepole, na umeme haukupiga hodi kabla ya kuondoka. Sheria yetu ikawa kuhifadhi baada ya kila mkato, na kutogusa rekodi ghafi hata siku moja. Tulifanya kazi kwenye nakala. Wakati ule tulidhani tunajilinda na giza tu.

Aliyetutoa kwenye mawazo hayo ni fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi studioni. Alikuja jioni moja kutusaidia kusawazisha sauti, akakuta tunajisifu kwa jinsi tunavyokata bila kuacha alama. Hakusema kitu. Alifungua sentensi ya mhusika wetu mkuu, kama mwenzetu mmoja alivyoirekodi kwa majaribio: “Mimi si mwizi.” Akakuza wimbi la sauti kwenye skrini, akachagua kipande chembamba kisichofika hata nusu ya sekunde, akakifuta, akabonyeza kucheza. “Mimi mwizi,” sauti ya mwenzetu ikasema, imetulia, bila kigugumizi wala kishindo.

Mwenye sauti ile alisimama. “Sikusema hivyo!”

“Nani atakuamini?” fundi akamjibu. “Ni sauti yako.”

Habari ya kipande kile ilitoka chumbani ikamfikia bibi aliyekuwa ameahidi kuigiza mtunza fedha, kwa kuwa Gitega kuta ni nyembamba. Alikuwa mzee wa jirani, mwenye Kiswahili kizito cha Biryogo na sauti iliyokuwa ikisikika upande wa pili wa barabara. Tulipokwenda kumkumbusha ahadi yake, alituketisha. “Wajukuu zangu,” akasema, “mimi nimesikia watu wakisemewa redioni wasiyoyasema. Nitakuja. Lakini sauti yangu mnisikilizishe mimi kwanza, kabla hajaisikia mtu. Na mkikata, mnieleze mmekata nini.” Tukaitika. Nadhani tuliitika kwa heshima ya umri tu. Mantiki yake tuliiona baadaye.

Siku ya kurekodi hakusoma karatasi. Tulimweleza tukio, naye akalijibu kwa maneno yake. Kijana aliyeigiza jirani mwenye hasira alimrushia lawama, na bibi akanyamaza. Akanyamaza sana. Kisha akasema taratibu kuwa yeye si mwizi, na kwamba daftari la mchango liko kabatini, aliyetaka angeliomba. Kwenye skrini ukimya ule ulikuwa mstari mnyoofu mrefu, na kidole cha mhariri kiliwasha kuukata. Fundi mwenyewe alishauri tuufupishe. Kwenye redio, alisema, sekunde chache za ukimya humfanya msikilizaji aanze kutikisa kisanduku akidhani betri zimekwisha.

Tukaufupisha kwenye nakala, na kama tulivyoahidi tukampelekea bibi asikilize. Aliondoa hedifoni masikioni. “Huyu si mimi,” akasema. “Huyu anajibu kama aliyejiandaa. Mtu akisingiziwa hajibu mbio. Anamtazama kwanza anayemsingizia, ajue kama ni kweli ni yeye.” Hakupandisha sauti. Alikuwa akituhariri.

Sasa tulikuwa na wajuzi wawili, na wote walikuwa na haki. Jibu lilipatikana katika sauti tulizokuwa tumehifadhi. Tuliurudisha ukimya wote kutoka rekodi ghafi, kisha chini yake tukaweka tone la maji likidondoka kwenye jerikani, moja, na jingine. Msikilizaji alijua redio yake ni nzima, bomba la ugomvi likawa ndani ya tukio, na bibi akabaki na muda wake wa kumtazama anayemsingizia. Fundi alisikiliza, akaguna, akasema hiyo inapita. Bibi akasema: “Hapo sawa.”

Mchezo haukurushwa hewani. Tulinakili kwenye kaseti na CD, zikasikilizwa uani, dukani, na kwenye kibanda cha fundi cherehani. Ukimya wa bibi ulipofika hakuna aliyenyoosha mkono kugusa redio. Kilichofuata kilikuwa kelele tamu: watu walibishana kuhusu nani hasa alikula fedha za bomba, na mwanamume mmoja alimtetea bibi wa mchezo kana kwamba kesi ingesikilizwa kesho yake. Walikuwa wakikosoana hadharani, bila hofu, kwa sababu ya watu wa kubuni. Mwaka 2009 mtafiti Elizabeth Levy Paluck alichapisha utafiti wake kuhusu vikundi vya Wanyarwanda waliosikiliza *Musekeweya* pamoja kwa mwaka mzima. Aligundua kwamba imani zao binafsi hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni picha yao ya kile ambacho jamii inakikubali, na utayari wao wa kusema wasilokubaliana nalo. Nilipousoma nilikumbuka mabishano yale ya uani.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na mwanafunzi wa Gitega leo ana simu inayorekodi vizuri kuliko minidisc yetu na kuhariri bila kusubiri umeme. Pia ana programu zinazoweza kutengeneza sauti ya mtu ambaye hakufungua kinywa kabisa. Kile fundi alichokifanya kwa kufuta kipande chembamba sasa hakihitaji hata kipande cha kufuta.

Kwa hiyo nina ombi kwa mwalimu au mwanafunzi anayefikiria kuanzisha klabu ya michezo ya redio, awe Kigali, Bukavu, Mwanza au Mombasa. Milio mtaibuni wenyewe, na programu mtaijua ndani ya wiki. Wekeni mapema kanuni mbili na msizivunje: rekodi ghafi isifutwe, na mwenye sauti aisikilize kazi kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisema “huyu si mimi”, rudini mezani.