Foreman alikosea wapi?

Wasee, mnaikumbuka Tennessee Titans ya 2021? Derrick Henry, yule wa yadi 2,027 msimu uliotangulia, aliumia mguu mechi ya 8. Watu wakasema basi, sasa ni kurusha mpira tu. Wapi! Wakamchukua D'Onta Foreman, jamaa hakuwa na timu, wakaendelea kukimbia na mpira kwa zamu. Wakamaliza wa kwanza AFC, ushindi 12.

Januari 2022 Henry akarudi, mechi ya mtoano na Bengals. Mpango wote ukarudi kwake. Akapewa mpira mara 20, yadi 62. Foreman mara 4, yadi 66! Robo ya mwisho, 16-16, jaribio la nne, imebaki yadi moja. Uwanja mzima unajua ni Henry. Bengals nao wanajua. Akazuiwa.

Ndiyo, Tannehill alinyang'anywa pasi tatu, sibishi. Lakini difensi ilimwangusha Joe Burrow mara 9, na bado mkapoteza 19-16?

Mtu amekushikia kazi miezi miwili, na siku hiyo bado miguu iko moto. Unampa mpira mara nne. Nne, buda.