Barabara Isiyokwenda Popote

Uingereza kuna viwanja vya mbio ambavyo, siku zisizo na mashindano, hufunguliwa kwa watu wa kawaida wenye pikipiki zao. Unalipa zaidi ya pauni 100. Unafika asubuhi na mapema, unaonyesha leseni, unasaini karatasi inayosema kwamba ukivunjika umejitakia mwenyewe, kisha bomba lako la moshi linapimwa kelele. Vioo unavikunja au unavifunika kwa solotepu ili usihangaike na walio nyuma. Mnagawanywa makundi matatu: wageni, wa kati na wenye kasi. Kila kundi linaingia dakika 20, linatoka, linasubiri zamu nyingine. Hakuna kombe wala mshindi, na saa za kupimia mzunguko haziruhusiwi. Jioni, Mungu akipenda, unarudi nyumbani na viungo vyote ulivyokwenda navyo.

Nilipomweleza mama yangu haya kwa simu, alinyamaza kidogo.

"Sasa hiyo barabara inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, mama. Inazunguka."

"Inazunguka inarudi palepale?"

"Ndiyo."

"Na anayelipa ni wewe?"

Sikuwa na jibu, na swali lenyewe lilikuwa la haki. Kwetu Mwanza pikipiki inakwenda mahali, na anayelipa ni yule wa nyuma. Miaka minne nimekaa kijiwe cha Nyegezi. Nilianza na SanLG ya bosi, nikipeleka hesabu kila jioni, mvua inyeshe, abiria wapatikane wasipatikane. Baadaye nikapata Boxer ya mkataba, nikailipa mpaka ikawa yangu. Nimepeleka wanafunzi Malimbe, samaki Mkuyuni, wagonjwa Bugando. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye kiti cha ile Boxer, na chuo ndicho kilichonileta Uingereza kusoma zaidi, kisha kufanya kazi. Kwa hiyo siku niliponunua Suzuki SV650 iliyotumika, nikajiandikisha kwenda uwanjani, sikujihesabu kuwa mgeni wa pikipiki. Niliomba kundi la wageni kwa sababu fomu ilisema ukiwa hujawahi kuingia uwanjani ndiko unakoanzia.

Uwanja ule wa kwanza sitautaja. Ilikuwa Aprili, lami bado mbichi kwa mvua ya usiku. Mizunguko mitatu ya mwanzo tuliongozwa na mkufunzi aliyevaa fulana ya rangi, tukifuatana kama bata, hakuna kupitana. Hiyo ilikwenda vizuri. Baada ya hapo tukaachiwa.

Nilipitwa na kila mtu. Walinipita kwenye mnyooko, wakanipita wakati wa kufunga breki, wakanipita kwa nje katikati ya kona nikiwa nimelaza pikipiki kiasi cha roho yangu kuruhusu. Nilipitwa na mzee mwenye mvi zilizotokeza chini ya helmeti na mwanamke aliyekuja na watoto wake wawili. Mikono ilikakamaa hadi nikashindwa kukunja vidole. Nilipotoka awamu ya pili, mkufunzi aliyekuwa amenifuata nyuma alinijia, akavua helmeti, akacheka, akasema kwa sauti ya kusikiwa na gereji nzima: "Unaendesha kama unapeleka piza."

Watu walicheka. Nami nikacheka. Awamu ya tatu niliingia, nikazunguka kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea, nikarudi, nikafunga mizigo. Ilikuwa haijafika saa saba mchana na awamu nne zilikuwa bado zimebaki.

Utani ule ungekuwa umekosea, ungepita. Ulikaa kwa sababu ulikuwa kweli tupu. Kupeleka ndiyo kazi niliyoijua. Mwili wangu ulifunzwa na abiria: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee anayekushika mabega kwa nguvu kila ukivuta mafuta, gunia la mkaa linalotaka kukuangusha kila ukikata kona. Dereva wa bodaboda mzuri si mwenye kasi. Ni yule ambaye abiria wake anashuka bila kujua kwamba mara tatu njiani alikuwa karibu kufa. Ili ufike hapo unajifunza kutazama karibu, mita chache mbele ya tairi, kwa sababu ndipo shimo lilipo, ndipo mchanga ulipo, ndipo mlango wa daladala utakapofunguka. Unajifunza kutoiamini lami hata siku moja. Unakaa wima. Unaacha nafasi ya uongo wa mtu mwingine: taa ya kulia inayowaka kwa gari linalokwenda kushoto.

Uwanjani wanakutaka kinyume cha yote haya. Lami haina shimo, hakuna anayekuja mbele yako, na kila kona ina watu wenye bendera wanaotazama kwa niaba yako. Bendera ya njano, kuna hatari, usipite mtu. Nyekundu, punguza mwendo, wote mrudi. Nyeusi, ni wewe peke yako unayeitwa. Ya mirabaraba, awamu imekwisha. Macho uliyozoea kuyaweka chini unaambiwa uyanyanyue, uyapeleke mwisho wa kona, mahali ambapo hujafika. Mwili uliozoea kukaa wima unaambiwa ushuke pembeni ya kiti kama mtu anayetaka kuteremka bila kusimamisha. Nilikuwa naambiwa niache kile kilichoniweka hai.

Pikipiki ikakaa chini ya turubai. Mwaka ukapita. Nilikwenda kazini kwa treni. Niliweka tangazo la kuiuza, nikalitoa, nikaliweka tena.

Kisha rafiki yangu wa kijiweni akapiga simu. Tulianza pamoja Nyegezi, yeye akabaki nilipoondoka. Miaka miwili kabla ya simu hiyo lori lilimbana ukutani akiwa amepakia abiria. Abiria akapona. Yeye alikatwa mguu wa kulia chini ya goti. Siku hizi anauza vocha na kutoa huduma za pesa kwenye kibanda kinachotazamana na kijiwe, na bado anajua nani kalala na hesabu ya bosi na nani kanunua tairi feki. Tuliongea habari za watu, nani kaoa, nani kahamia Geita. Halafu akasema, "Niliambiwa huko una pikipiki kubwa, unakimbizia uwanjani. Niambie kukoje."

Nikamweleza.

"Lori hakuna?"

"Hakuna."

"Mbuzi, bajaji, trafiki?"

"Hakuna."

"Wote mnakwenda upande mmoja?"

"Wote."

Akakaa kimya, nikasikia mteja wake akitaja namba ya simu. Kisha akauliza, pasipo lawama yoyote, kama mtu anayetaka kuelewa tu: "Halafu wewe umeiweka kwa nini?"

Nilimwambia habari ya piza. Nilidhani atacheka. Akasema, "Lakini ndugu yangu, sisi si ndio tulikuwa tunapeleka? Huyo bwana amekutukana au amekutambua?"

Sidai kwamba jibu hilo lilinitia ujasiri. Lilinitia aibu ya aina nyingine, ya mtu aliyepewa chakula akakisusa mbele ya mwenye njaa. Wiki hiyo niliondoa turubai.

Safari hii sikwenda kwanza uwanjani. Nilirudi kusoma. Mmarekani Keith Code alianzisha shule ya kuendesha pikipiki mwaka 1980, na vitabu vyake vinasomwa na waendeshaji wengi wa viwanjani. Shule ile imejengwa juu ya wazo kwamba kuendesha kunagawanyika katika vitendo vidogo vidogo, na kila kimoja kinaweza kufunzwa peke yake. Kwangu hilo lilikuwa faraja. Nilikuwa naona "kuwa mzuri" kama kitu kimoja kizima ambacho ama unacho ama huna. Sasa ikawa orodha: macho, mkono wa mafuta, mahali pa kufunga breki, mahali pa kulaza.

Kati ya hayo nilikuta jambo moja nililokuwa nalijua bila kujua. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo, ukitaka kwenda kulia unasukuma mbele mkono wa kulia wa usukani. Tairi la mbele linageuka kidogo kushoto, pikipiki inalala kulia, na kona inaanza. Ukilisikia linaonekana uchawi. Lakini nilikumbuka ile barabara ya kupanda Bugando na jinsi nilivyokuwa nakwepa mashimo: kusukuma kidogo huku, kusukuma kidogo kule, abiria hata hajui. Mikono yangu ilikuwa imefanya hivyo mara maelfu. Si kila nilichokuja nacho kilipaswa kubaki nje ya geti.

Niliandikisha Brands Hatch, Kent, kusini mashariki mwa London. Pikipiki zilikuwa zikishindana hapo kwenye nyasi hata kabla uwanja haujawekwa lami mwaka 1950, na njia imelala ndani ya bonde kiasi kwamba mtu akisimama kwenye ukingo anaona karibu uwanja wote. Njia fupi, wanayoiita Indy, haifiki hata kilomita 2. Kona moja imepewa jina la John Surtees, mtu pekee aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa pikipiki na pia wa magari ya Formula 1. Nilipenda kujua hilo, ingawa halikunisaidia chochote nilipofika kona ya kwanza.

Kona ya kwanza ni Paddock Hill. Inapinda kulia na wakati huohuo inadondoka. Unaingia bila kuona inakoishia, tumbo linabaki juu, kisha chini bondeni uzito wote unakurudia na pikipiki inajikandamiza kwenye springi. Kutoka hapo unapanda mlima hadi Druids, kona kali inayokurudisha ulikotoka. Mara yangu ya kwanza kushuka Paddock macho yalikimbilia chini, mbele ya tairi, kutafuta shimo. Hakukuwa na shimo. Mzunguko uliofuata yalikimbilia chini tena. Niliyaruhusu. Nilijiambia: angalia, hakikisha, halafu nyanyua. Mzunguko wa nne au wa tano yalikuwa yamekwisha kuridhika, na nilipoyanyanyua nikaona mlima wa kwenda Druids umenisubiri, mpana, mtupu, hakuna hata mbuzi mmoja.

Nilipitwa siku hiyo pia. Nilipitwa sana. Ila safari hii niliomba mkufunzi wa uwanjani anifuate, mtu mpole mwenye maneno machache, na alipotoka hakusema habari ya kasi. Alisema mkono wangu wa mafuta ni laini kuliko wa wengi wa kundi la kati, akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia: kwa kubeba watu. Akatikisa kichwa kama fundi anayesikia jina la fundi mwenzake. Kisha akanionya kuhusu Graham Hill, kona ya kushoto baada ya Druids. Brands Hatch ina kona nyingi za kulia, hivyo upande wa kushoto wa tairi hupoa, na tairi lililopoa halishiki. Watu wengi huanguka hapo asubuhi kwa kujiamini mapema. "Wewe," akasema, "una mazoea ya kutoiamini lami. Hapo yatumie."

Niliingia awamu zote saba. Kwenye ya sita niliipita Kawasaki moja kwa nje, nikitoka Clearways, na hakuna aliyeona isipokuwa mwenye Kawasaki. Goti langu halikugusa lami, na mpaka leo halijagusa. Mikono ilichoka, lakini vidole vilikunjika.

Usiku nilimpigia rafiki yangu. Kwake ilikuwa imekaribia saa sita, lakini alikuwa macho, akifunga mahesabu ya siku. Kamera za kwenye helmeti zilikuwa zimekatazwa, kwa hiyo sikuwa na video ya kumtumia. Akasema basi nimpeleke kwa mdomo. Nikampeleka. Mnyooko, gia ya tano, kibao cha kwanza, breki. Paddock, kudondoka, tumbo. Alikuwa ananisimamisha kila mahali: hapo umekaaje? Hapo umeachia lini? Nikasikia kiti chake kikilia kila tulipofika kona, nikajua alikuwa analala upande pamoja nami.

Tulipofika Druids nikamwambia nilishusha gia mpaka ya pili.

"Ya pili ya nini?" akasema. "Ndiyo maana inakurusha ukivuta mafuta. Ingia na ya tatu, itulie, halafu ivute polepole kama umepakia mjamzito."

Nimekwisha kulipia siku nyingine, mwezi wa tano. Nitaingia Druids na gia ya tatu.