Siku Niliyomnyamazisha Shosho

Wasee, leo nawaambia kitu ambacho sijivunii. Mwaka jana nilimnyamazisha shosho yangu mbele ya watu wengi sana, na nilikuwa najiona mjanja.

Shosho anaishi Bahati, hapa tu nje ya Nakuru. Mimi ndiye nilipewa jina la guka, kwa hivyo tangu nikiwa mdogo ananiita "mzee wangu". Kila Jumamosi yeye na wenzake hukutana kufanya mazoezi ya mwomboko. Kama hujawahi kuuona: mnacheza wawili wawili, mwanamume na mwanamke. Hatua mbili, mnainama kidogo, mnageuka. Kuna mtu wa kodiani na mtu wa karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa chuma kingine. Ukiambiwa, ni rahisi. Jaribu uone.

Nilichukua video ya sekunde 15. Nikaona mlio wa kodiani ni wa zamani sana, nikaufuta, nikaweka amapiano. Juu nikaandika: "Mashosho wa Nax hawako sawa!" Manze, ilibamba. Kufikia jioni ilikuwa imetazamwa kuliko video zangu zote za mwezi ule zikijumlishwa.

Jumapili binamu yangu akamwonyesha. Shosho aliitazama mara tatu, hakucheka.

"Mzee wangu, huu ni wimbo gani?"

Nikamwambia ni amapiano, ya Afrika Kusini, watu wanaipenda.

"Sasa mtu akiniona hapa, atajuaje nilikuwa nacheza nini?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea polepole: "Kwa ule mkutano wa juzi tulikalishwa juani tangu saa mbili asubuhi. Tukacheza dakika nne, tukaambiwa asante. Hao hawanijui. Lakini wewe?"

Hiyo iliniuma.

Kwanza nilijitetea moyoni. Mwomboko wenyewe si ni mchanganyiko? Ulishika kasi miaka ya 1940, na waliokuwa wakiucheza walikuwa vijana. Kodiani ilitoka ng'ambo, na hatua zina harufu ya waltz na densi za walowezi. Vijana wa Kikuyu waliona, wakachukua walichopenda, wakafanya chao. Sasa mimi nikichanganya, kosa liko wapi?

Nikakaa na hilo swali siku kadhaa. Jibu ni kwamba wale vijana walichanganya ngoma yao wenyewe, kwa miguu yao. Mimi nilichanganya ya mtu mwingine bila kumuuliza, halafu nikamfanya kichekesho.

Kuna mahali walifanya hiyo kazi vizuri. Ukipanda matatu ya Nairobi, ukapita Gilgil na Naivasha, ukimaliza ule mlima wote unafika Limuru. Hapo, kijiji cha Kamirithu, mwaka wa 1977 watu waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Waigizaji walikuwa wakulima na wafanyakazi, vijana kwa wazee. Na wazee hawakuwekwa pale kama maua ya jukwaani. Walisahihisha lugha ya waandishi, wakaonyesha nyimbo zinavyoimbwa, wakasema mzee haongei hivyo. Watu wa chuo kikuu wakafuta na kuandika upya. Novemba mwaka huohuo serikali ikaupiga marufuku, na Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima. Si kwa sababu wazee walipendeza wakiimba. Ni kwa sababu walichosema kilisikika.

Sisi leo tunapenda wazee wakiwa wanapendeza. Shosho akicheza tunasema "aww", tunaweka vicheko, tunasonga kwa video inayofuata. Hakuna anayeuliza alifunzwa na nani, au kwa nini anageuka vile.

Nilifuta ile video. Jumamosi iliyofuata nikaenda mazoezini bila kutoa simu mfukoni, nikaomba msamaha, nikauliza kama naweza kuwachukua tena. Walijadiliana kwa Kikuyu kama kamati ya ukoo. Masharti yakatoka: sauti ibaki, wimbo uishe, na waione kwanza kabla haijaenda popote.

Guka wa karing'aring'a alikataa ya kwanza. Alisema amekosea mahali, mahali ambapo mimi hata sikusikia kitu. Ya pili, shosho akasema wanawake wamekatwa miguu, na mwomboko uko miguuni. Ya tatu ndiyo wakakubali. Nimefanya kazi na wasanii wa rika langu ambao hawajali hivyo.

Hii mpya haikubamba kama ile ya kwanza, siwezi kuwadanganya. Lakini mtu mmoja aliandika kwamba nyanya yake wa Molo alikuwa akicheza hivyo hivyo, na hakuwahi kujua inaitwaje.

Wiki iliyopita shosho alinipigia simu. Anataka nimletee ile amapiano aisikie vizuri, wimbo mzima. Anasema mtu wa kodiani anafikiria kuna mahali anaweza kuingia.

Jumamosi niko Bahati. Na wewe, ukiwa na video ya shosho wako hapo kwa simu, je, yeye ameiona?