Sanduku la Rafiki: Safari ya Arusha Hadi Nyeri

Wahenga walisema kwamba milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, umesimama Arusha; na Mlima Kenya, wenye mita 5,199, umesimama juu ya miji ya Nyeri, Karatina na Nanyuki. Tangu kuumbwa kwake hakuna mlima uliopata kumtembelea mwenzake. Lakini watu wawili waliozaliwa chini ya milima hiyo walikutana, wakapoteana kwa karibu miaka saba, kisha wakakutana tena. Habari yao yafaa kusimuliwa, kwa kuwa yaliyowapata wao yaliwapata wengi.

Wote wawili walikuwa makarani katika makao makuu ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mjini Arusha. Jumuiya hiyo ilianza kazi tarehe 1 Desemba 1967, nayo iliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania katika mambo ya reli, bandari, posta na ndege. Mmoja wao alikuwa mwenyeji wa Arusha, na wa pili alitoka Nyeri. Meza zao zilielekeana. Walikula chakula cha mchana pamoja, na usiku mmoja mtoto wa yule wa Nyeri alipougua homa kali, yule wa Arusha ndiye aliyekesha naye hospitali.

Mwaka 1977 mambo yakaharibika. Shirika la ndege la pamoja lilivunjika, na tarehe 4 Februari Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Motokaa za watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa Tanzania zikazuiliwa. Katika mwaka huo watumishi wa Jumuiya walirudi makwao, kila mtu na alichoweza kuchukua. Karani wa Nyeri aliondoka na mke, watoto na mizigo ya mkononi. Sanduku lake kubwa la chuma alilifunga kwa kufuli, akalikabidhi kwa rafiki yake, na ufunguo akautia mfukoni.

Baada ya miezi michache barua moja ilifika Arusha kutoka Nyeri. Haikuwa barua njema. Mwandishi alikuwa hana kazi, na vyeti vyake vya shule vilikuwa ndani ya lile sanduku. Aliandika kwamba amesikia jinsi mali za Wakenya zinavyochukuliwa, na kwamba bila shaka sanduku lake nalo limekwisha kuuzwa sokoni. Yule wa Arusha aliisoma mara mbili, akaikunja, asijibu neno. Sanduku alilisogeza chini ya kitanda chake, na kila mwaka alilipangusa vumbi na kulipaka mafuta lisile kutu. Ni kosa la nani? Mmoja alishutumu bila kuuliza, na mwingine alinyamaza ilhali jibu la mistari miwili lingalimtuliza mwenzake. Kiburi cha aliyeonewa nacho ni kiburi.

Tarehe 17 Novemba 1983 marais watatu, Nyerere, Moi na Obote, walikutana Arusha, wakapatana juu ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya, shauri lililosuluhishwa na Mswisi, Dakta Victor Umbricht. Mpaka ukafunguliwa. Mwisho wa Desemba karani wa Arusha aliazima Peugeot ya shemeji yake, akatafuta petroli kwa taabu, maana siku zile nchini Tanzania petroli, sabuni na mipira ya motokaa vilikuwa adimu. Akalipakia lile sanduku na mikungu miwili ya ndizi, akashika njia ya Longido.

Kutoka Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110. Huko afisa wa forodha aliuliza lililomo ndani ya sanduku.

“Sijui,” akajibu.

“Umekaa nalo miaka mingapi?”

“Saba kasoro.”

“Na ufunguo?”

“Uko Nyeri, bwana.”

Afisa alicheka, lakini sheria ni sheria. Kufuli likakatwa kwa msumeno mbele ya mwenye motokaa. Ndani mlikuwamo koti la baridi, vitabu, picha za harusi na bahasha ya vyeti. Ushuru haukutakiwa. Lakini yule msafiri hakuondoka. Aliomba aandikiwe karatasi, ipigwe mhuri, iseme kwamba kufuli limekatwa hapo, siku hiyo, kwa amri ya forodha. Alikuwa akiikumbuka ile barua. Aliyekwisha kuitwa mwizi hapendi kufika na kufuli lililovunjwa.

Kutoka Namanga alipita Kajiado na Athi River, akalala Nairobi kwa jamaa. Asubuhi alishika njia ya Thika na Sagana, akaanza kupanda. Karatina alikuta soko limejaa viazi, kabichi na karoti, akasimama kutazama tu, kwa kuwa fedha za Kenya alizokuwa nazo zilikuwa chache. Zamani shilingi ilikuwa moja kwa nchi zote tatu. Sasa kila nchi ilikuwa na yake. Alipoinua macho aliuona Mlima Kenya umefunuka, theluji juu, jinsi unavyoonekana asubuhi za kiangazi kabla ya mawingu kuupanda.

Alifika Nyeri mchana. Mwenyeji wake alitoka shambani na jembe mkononi, nywele zimeingia mvi. Walishikana mikono, wakaulizana hali za watoto, wakanyamaza. Kisha sanduku likateremshwa. Mwenyeji alitoa mfukoni funguo zake, na katikati yao mlikuwa na ufunguo mdogo uliong'aa kwa kushikwashikwa. Aliinama, akaona hakuna kufuli. Mgeni akaingiza mkono kifuani kuitoa ile karatasi yenye mhuri.

“Ndugu yangu, rudisha,” mwenyeji akasema kabla hajaiona. “Mimi ndiye niliye na karatasi ya kujibu.”

Usiku ule walikula irio na kuku. Walicheka waliyokuwa wakiambiana watu wa nchi mbili wakati wa ugomvi: hawa wakiitwa walaji wa wenzao, nao wakijibu kwamba ninyi hata cha kula hamna.

Siku ya pili mwenyeji alimpeleka mgeni kwenye makaburi ya Nyeri alikozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti. Mzee huyo alikuja kukaa Nyeri mwaka 1938 katika nyumba ndogo iliyojengwa kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, hoteli ya Eric Sherbrooke Walker, aliyemtumikia katika siku za kwanza za Skauti. Alifariki tarehe 8 Januari 1941. Juu ya kaburi lake imechorwa duara yenye nukta katikati, alama ya Skauti ya kusema kwamba nimekwenda nyumbani. Dunia ni pana, naye aliuchagua mji aliokuwamo rafiki.

Jumuiya mpya ilianza tarehe 7 Julai 2000, na tangu 2018 ukaguzi wa nchi zote mbili pale Namanga hufanywa mahali pamoja. Hayo ni mema. Lakini msomaji akumbuke kwamba mpaka hufungwa na kufunguliwa na wakubwa, na amana hutunzwa na mtu mmoja nyumbani kwake, asikoonwa na yeyote. Na mwenye rafiki aliyemkosea kwa barua asingoje hadi sanduku lifike mlangoni ndipo aombe radhi.